Buti Halifi, Huuawa

Jumapili jioni simama kando ya barabara ya Namanga, hapa Kitengela, utawaona wakishuka kwenye matatu. Vijana wa rika langu, jaketi za rangi kali, na kwenye soli za mabuti wamebeba nusu ya mlima.

Kinachofuata nakijua. Mabuti yatatupwa nje ya mlango, matope yakaukie hapo hadi safari nyingine. Hema litalala kwenye mfuko wake na umande wake. Jaketi litaingia beseni moja na jinzi, sabuni ya unga na jiki. Miezi sita baadaye utasikia: "Manze, hizi vitu za mtumba ni feki."

Nakataa. Feki ni sisi.

Na mimi ni mshtakiwa wa kwanza. Nilipoacha chuo mwaka wa pili, karo ikiwa imenishinda, mali yangu ya maana ilikuwa hema la mtumba, la elfu tatu. Nikalikunja likiwa limelowa, nikalisukuma chini ya kitanda. Miezi kadhaa baadaye nikalifungua: linanata, linanuka kama matapishi. Ule utando wa ndani unaozuia maji ulikuwa umeoza. Hema halikuwa na kosa lolote. Lilitaka kuanikwa kivulini siku moja tu, basi. Kivulini, kwa sababu jua la Kajiado nalo linakula nailoni.

Jaketi la mvua nalo lina siri yake. Kitambaa cha juu hupakwa dawa inayofanya maji yateleze. Uchafu na mabaki ya sabuni yakijaa, kitambaa kinalowa, jasho linakosa njia, na uko juu ya Ngong Hills, mita 2,460, upepo unakupiga, unatetemeka ukilaani kampuni. Ungetumia sabuni ya maji kidogo, usuuze mara tatu, likauke, kisha kama lebo inaruhusu, upitishe pasi ya moto mdogo juu ya taulo. Hiyo dawa mara nyingi huamka tena.

"Lakini kuna mama fua." Sawa, yupo. Ulimwambia hilo jaketi halitaki jiki? Hukumwambia, kwa sababu hata wewe hujui. Unampa mzigo wote kwa pesa kidogo, halafu jaketi likiharibika, kosa ni lake. Huo ni uonevu.

"Lakini maji Kitengela ni ya kununua." Hapo nakuelewa, na mimi nanunua kwa mtungi. Ila udongo wetu mweusi ukikauka unatoka kwa brashi kavu. Kinachobaki kinataka kikombe kimoja na kitambaa. Ukiuacha, unafyonza unyevu wa ngozi, ngozi inapasuka pale kidole kinapokunjia. Safisha, kausha mbali na jiko, paka mafuta ya ngozi. Zipu ikigoma, isugue kwa mshumaa. Hayo yote ni dakika ishirini.

Nakubali jambo moja: kuna vitu hufa vyenyewe. Mabuti mengi yana povu la poliyurethani katikati ya soli, na unyevu wa hewa hulivunja hata kiatu kikiwa kabatini. Ndiyo maana buti la mtumba linaweza kuonekana jipya, kisha soli ibaki njiani. Kabla hujalipa, bonyeza pembeni ya soli. Ikitoa unga au nyufa, rudisha.

Juzi karibu na Isinya nilisalimiana na mzee mmoja aliyekuwa akichunga ng'ombe. Alivaa akala. Tairi lililomaliza kazi chini ya gari, likakatwa, likapigwa misumari, likapewa maisha ya pili mguuni. Kamba moja ilikuwa mpya kuliko nyingine: ilikatika, akaitengeneza. Akatazama mabuti yangu yaliyojaa matope ya jana, akaniuliza, "Kijana, hivyo viatu ni vya kuazima?"

Sikuwa na jibu. Tuliozoea kuitwa wasomi tunamwona mzee wa akala kama mtu aliyekosa. Kumbe sisi ndio tunaonunua kitu kilekile mara tatu na mshahara haujabadilika. Mwenye pesa anaweza kumudu uvivu huo. Mimi ninayelipwa kwa makala, na wewe unayelipwa kwa kibarua, hatuwezi.

Kwa hivyo Jumapili hii, kabla hujaweka picha za kilele mtandaoni, toa matope kwanza.