Teolojia si Somo Tupu
Mwaka 1998 Richard Dawkins, mwanabiolojia wa Oxford, aliandika kwamba teolojia ni tupu: haijawahi kusema lolote la kumfaa mtu, wala haistahili kuitwa somo. Amekosea, na kosa lenyewe ni kubwa.

Atazamwe John Mbiti. Mkamba huyu wa Kenya alipata udaktari Cambridge mwaka 1963, akichunguza mafundisho ya Agano Jipya kuhusu siku za mwisho na namna Wakamba wanavyouelewa wakati. Kisha akafundisha Makerere, akakusanya dhana za Mungu kutoka makabila karibu 300 ya Afrika. Dini ambazo wamisionari wengi waliziita ushenzi zikaingia darasani kwa heshima. Mwaka 2014 ikachapishwa tafsiri yake ya Agano Jipya kwa Kikamba, aliyoifanya moja kwa moja kutoka Kigiriki. Hilo halimfai mtu?

Wala haikuwa kazi ya kuitikia amina tu. Okot p'Bitek, mshairi wa Uganda, alimpinga waziwazi: wasomi wa aina ya Mbiti, alidai, wameivisha miungu ya Afrika mavazi ya Kigiriki, ilhali jok, roho au mungu katika imani ya Waacholi, si Mungu wa Wakristo. Kuupima ubishi huo kunadai Kigiriki, Kiacholi, historia na mantiki, mambo ambayo hayafundishwi katika maabara ya biolojia.