Mbegu: Mtihani wa mkulima wa mahindi mabichi baada ya uamuzi wa Machakos

MAHAKAMA Kuu ya Machakos ilipoamua Novemba 2025 kwamba ni kinyume cha katiba kumwadhibu mkulima mdogo kwa kuuza au kubadilishana mbegu zake za kienyeji, wakulima waliowasilisha kesi hiyo mwaka wa 2022 walishangilia. Sheria ilikuwa ikitishia kuwafunga jela hadi miaka miwili au kuwatoza faini ya hadi Sh1 milioni.

Hata hivyo, ushindi huo unamwachia mtihani mkulima anayekuza mahindi kwa samadi na mboji, bila kemikali, kwa ajili ya soko la mahindi mabichi ya kuchoma na kuchemsha.

Biashara hiyo ina manufaa yake. Pesa huja mapema, mabua yakiwa bado mabichi huwa lishe ya ng’ombe, na mavuno hayakai ghalani kusubiri fukusi na sumukuvu. Wakazi wa Machakos, Makueni na Kitui hawajasahau mwaka wa 2004, sumu hiyo ilipowaua watu 125.

Aidha, kukuza mahindi bila dawa si ndoto. Mbinu ya vuta-sukuma, iliyobuniwa na watafiti wa ICIPE, hutumia desmodiamu katikati ya mahindi kuwafukuza nondo wa viwavi wanaotoboa mashina, huku nyasi za nepia kandokando ya shamba zikiwavuta. Desmodiamu pia hudhibiti kiduha na kurutubisha udongo.

Tatizo ni mbegu. Hindi linalouzwa likiwa na maziwa haliwezi kupandwa. Anayeuza shamba zima likiwa bichi hulazimika kurudi dukani msimu unaofuata, na huko mara nyingi atauziwa mbegu chotara iliyotiwa dawa. Chotara nayo ikihifadhiwa na kupandwa tena, mazao hupungua.

Njia iliyo wazi ni kurejelea aina zinazoweza kuhifadhiwa, kama vile Katumani, inayokomaa mapema na iliyozalishwa papo hapo Machakos kwa ajili ya maeneo kame, pamoja na zile za kienyeji zilizorithiwa kwa mababu. Lakini sharti sehemu ya shamba iachwe ikauke, hata mnunuzi akisimama langoni na pesa mkononi.

Isitoshe, mahindi si maharagwe. Chavua yake hupeperushwa na upepo, hivyo chotara ya jirani huweza kuivuruga mbegu ya kienyeji katika msimu mmoja. Mwenye ekari moja hawezi kujitenga na jirani kwa mamia ya mita. Anachoweza ni kupishana naye wiki kadhaa katika kupanda, kuchagua mbegu katikati ya shamba, na kuichukua kutoka kwa mimea mingi ili isidhoofike.

Kazi hiyo yahitaji ujirani mwema na maafisa wa kilimo wa nyanjani, ambao ni jukumu la serikali za kaunti tangu 2013. Kaunti zikinyamaza, uhuru uliopatikana kortini utabaki kwenye makaratasi.

Wahenga walinena kuwa akiba haiozi. Mahakama imemrudishia mkulima haki ya kuweka akiba hiyo. Safu chache zisizouzwa zikiwa mbichi ndizo zitakazoamua iwapo haki hiyo itaota.