Anayekwenda Kusoma Ng'ambo Asiachwe Peke Yake

Ngaramtoni ni mji mdogo kando ya barabara kuu iendayo Namanga, magharibi ya mji wa Arusha. Wapo wazazi katika miteremko hiyo ya Mlima Meru wanaouza ng'ombe, au hata kipande cha shamba, ili kijana wao apate kwenda kusoma ng'ambo. Kisiwani Pemba mwenzao hutoa fedha ya karafuu kwa ajili hiyo hiyo. Mali hiyo ikipotea hairudi kwa urahisi. Kwa hiyo maandalizi ya safari ya masomo si jambo la nyumba moja tu. Ni jambo la umma.

Watu wa Mlima Meru walilielewa hilo zamani. Mwaka 1952, baada ya Wameru kufukuzwa Engare Nanyuki na serikali ya kikoloni, walichanga fedha wakamtuma Kirilo Japhet kwenda New York kuueleza Umoja wa Mataifa dhuluma hiyo. Yeye hakuwa mwanafunzi, lakini safari yake ina funzo: waliomtuma walijua anakwenda wapi, kwa shughuli gani, na atarudi na habari gani kwao. Vivyo hivyo, baada ya Mapinduzi ya 1964, vijana wa Unguja na Pemba walipopelekwa kusoma Ujerumani ya Mashariki, China na Urusi ya Kisoviet, nyuma yao ilikuwapo Serikali iliyowatuma.

Leo hali ni nyingine. Vijana wengi hujiendea wenyewe, na mara nyingi anayewaongoza ni wakala aliyelipwa kwa kazi hiyo. Hatusemi mawakala wote ni walaghai. Tunasema tu kwamba wakala hupata fungu lake siku kijana anapoandikishwa, wala si siku anapohitimu. Asitegemewe kuwa mshauri pekee.

Serikali yenyewe imekwisha kuonyesha njia. Mwaka 2025 ilichagua vijana 50 waliofaulu vizuri sana masomo ya sayansi katika kidato cha sita, ikawakusanya katika Taasisi ya Nelson Mandela, hapa hapa Arusha, waandaliwe kabla ya kupelekwa ng'ambo kusomea sayansi ya data na akili unde. Jambo hili ni jema na linastahili kupongezwa. Lakini ikiwa vijana walio hodari kuliko wote wameonekana kuhitaji maandalizi, je, yule wa Ngaramtoni au wa Wete anayekwenda kwa fedha ya ng'ombe na karafuu, ataachwaje aende hivi hivi?

Maandalizi yenyewe hayana siri. Kwanza, chuo na kozi vithibitishwe kwa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, ambayo ndiyo yenye dhamana ya kuzitambua shahada za nje. Shahada isiyotambuliwa ni karatasi tu. Pili, majina katika cheti cha kuzaliwa, vyeti vya shule na pasipoti yalingane herufi kwa herufi. Tatu, hesabu ya fedha ifanywe kwa miaka yote ya masomo, pamoja na chakula, malazi, bima na mwaka wa kujifunza lugha pale unapotakiwa. Anayelipa ada ya mwaka wa kwanza tu hajamsomesha mtoto; amemsafirisha. Nne, kijana ajiandikishe katika ubalozi wetu mara afikapo. Vita vilipozuka Ukraine Februari 2022, na Sudan Aprili 2023, wanafunzi wetu walikuwako huko. Kutoka Sudan Serikali iliwarejesha Watanzania nyumbani, wengi wao wakiwa wanafunzi. Ubalozi humtafuta kwa wepesi yule unayemjua.

Basi tunawaomba viongozi wa bara na visiwani wafanye jambo moja lisilo na gharama kubwa. Kila ofisi ya elimu ya wilaya iwe na ofisa wa kuwasikiliza bila malipo wazazi wanaotaka kupeleka watoto nje, na iwe na daftari la waliokwenda. Watendaji wa kata na masheha wawaelekeze wananchi huko kabla mali haijauzwa. Ofisa huyo awaeleze pia nafasi zilizopo nyumbani, kwani tangu mwaka 2023 Chuo cha IIT Madras cha India kina tawi lake Zanzibar, na huenda kijana anafuata mbali kitu kilichokwisha kuja mlangoni.

Wahenga walisema, mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Kijana aliyeandaliwa na watu wake huijua ngama yake, na atakaporudi atakuwa na elimu ya kuwafaa. Aliyeachwa ajiendee mwenyewe, hatuna haki ya kumlaumu asiporudi.