SS haitoki kwa mama peke yake



Kila mara tunapotaja ADN katika mikutano yetu, vicheko vinaanza: «Ile ya kutafuta baba wa mtoto!» Ni kweli, kazi hiyo inaifanya. Lakini juma hili tuongee kazi yake nyingine, ile inayoweza kuokoa watoto na ndoa nyingi kwetu.

ADN ni kama maandiko yaliyo ndani ya mwili, yanayouelekeza namna ya kutengeneza damu, mifupa, macho na vyote. Yanaandikwa kwa herufi 4 tu: A, T, C na G. Mwaka 1990 wataalamu wa nchi mbalimbali walianza kuyasoma maandiko ya binadamu, herufi kwa herufi. Mwaka 2003 walitangaza kwamba kazi imemalizika, na vipande vilivyobaki vikasomwa hadi 2022. Ni karibu herufi miliari 3. Leo mashine zinasoma ADN ya mtu mmoja kwa siku chache, na waganga wanaitumia kutambua magonjwa ya kuzaliwa nayo.

Sisi walimu tunajua nguvu ya herufi moja. Mwanafunzi akiambiwa aandike «mama anapika», akaandika «mama anapiga», habari yote imegeuka. Ugonjwa wa SS, yaani drepanositozi, ni vile vile: pahali pamoja palipotakiwa A pameandikwa T. Basi chembe za damu, badala ya kuwa mviringo na laini, zinapinda kama mundu, zinakuwa ngumu na kuziba mishipa midogo. Ndiyo maana mtoto analia mifupa, macho yanakuwa manjano, na damu inapungua.

Sasa tusikilize vizuri. Kila mtoto anapokea nakala mbili za andiko hilo: moja kwa mama, moja kwa baba. Mwenye nakala mbili nzuri ni AA. Mwenye moja nzuri na moja iliyogeuka ni AS. Kwa kawaida haugui, anaweza kuzeeka bila kujua. Mwenye mbili zilizogeuka ni SS. Kwa hiyo mtoto wa SS amepokea S moja kwa mama na S moja kwa baba.

Tunalisema kwa sababu tunayaona majumbani. Mtoto anaugua kila mwezi, jamaa ya mume inaanza kusema mama ana damu mbaya, au bibi wa mtoto ni mchawi. Pesa inaishia kwa wapiga ramli, kisha mama anarudishwa kwao na mgonjwa mgongoni. Baba anaoa mwingine, lakini S yake anaenda nayo. Akikutana na mwanamke mwingine wa AS, yanaweza kuwa yale yale.

Wala si laana. Mtoto wa AS analindwa kiasi fulani na malaria kali. Kwa vizazi vingi, watoto wa namna hiyo walipona, wakakua, wakazaa. Ndiyo sababu S ni nyingi katika nchi zenye malaria kama yetu. Mtoto wa SS, yeye, malaria inamwangusha haraka.

Kama baba na mama wote ni AS, kila mimba ina nafasi 1 kati ya 4 ya kuleta mtoto wa SS. Msidanganywe kwamba baada ya mgonjwa mmoja watafuata wazima watatu. Kila mimba inaanza hesabu yake upya.

Tufanye nini?

Kwanza, vijana wapimwe wote wawili kabla ya mahari. Si lazima kusoma ADN yote. Kipimo cha damu kinachoitwa elektroforezi kinaonyesha kama mtu ni AA, AS au SS. Tuulize katika labo ya hospitali kubwa.

Pili, mtoto wa SS anywe maji mengi, asipigwe na baridi, alale chini ya chandarua, apate chanjo zote. Akipata homa, apelekwe hospitali siku ile ile.

Tatu, tumuulize muganga juu ya dawa ya hidroksiyurea. Utafiti uliotangazwa mwaka 2019, uliofanywa na watoto wa Kongo, Angola, Kenya na Uganda, ulionyesha kwamba inapunguza maumivu, kuongezewa damu na vifo. Lakini tusiinunue wenyewe: inatakiwa muganga apime damu ya mtoto mara kwa mara.

Wamama, mkiitwa kusuluhisha nyumba ambamo mama anafukuzwa kwa ajili ya mtoto wa SS, waelezeni wote wanaosikiliza, na baba akiwepo: S mbili, wazazi wawili.

Tuonane juma lijalo.