Betri Haifi, Huuawa

"Mwalimu, hizi sola ni utapeli mtupu." Maneno haya nimeyasikia barazani, mnadani na hata nje ya kanisa baada ya ibada. Wasemao wana ushahidi: betri iliyokufa, ambayo sasa imegeuzwa kigoda cha kukalia. Mimi napinga. Betri haifi, huuawa. Na nasema hivyo nikiwa mmoja wa wauaji.

Nilipostaafu nilijenga kibanda shambani, wilayani Kongwa. Nikanunua paneli ya kubebeka ya wati 50, na betri ya risasi na tindikali ya ampea-saa 100. Paneli naianika asubuhi, jioni naiingiza ndani kwa kuogopa wezi. Muuzaji alipokea fedha, akanifungia mzigo, akanitakia safari njema. Kuhusu kidhibiti chaji, kile kidude kinachozuia betri isijazwe kupita kiasi wala isinyonywe hadi tone la mwisho, hakutamka neno. Nami, mkuu wa chuo cha ualimu mzima, sikuuliza.

Majirani wakaja na simu zao. Vijana wakaja na televisheni ya kutazamia mpira. Nikaona fahari kuitwa mwenye umeme. Kisha nikaenda mjini Dodoma wiki mbili, nikaifungia paneli ndani na kuiacha betri tupu. Haikupita miezi minne, mjukuu wangu, aliyekuwa akijiandaa kwa mtihani wa kidato cha nne, akarudi kwenye kibatari. Usiku nilimsikia akikohoa kwa moshi. Nikailaani sola. Nilikuwa naisingizia.

Ndugu msomaji, tufanye hesabu ya darasa la saba. Paneli ya wati 50, kwa saa tano za jua kali, huingiza kama ampea-saa 15 kwa siku. Ukitumia 25 kila usiku, una deni la 10 kila siku. Baada ya siku tano nusu ya betri imekwisha, na kwa betri ya aina hii nusu ndiyo mpaka. Ukiivuka na kuiacha hivyo, chembechembe za salfeti huganda juu ya bamba za risasi, na chaji haipati tena pa kuingilia. Jua la Dodoma lina kosa gani hapo?

Wapo watakaosema mkulima hana fedha ya kidhibiti. Nauliza: anayo ya betri ya pili? Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Na muuzaji anayeuza paneli bila kidhibiti wala maelezo ya Kiswahili, ana tofauti gani na muuza dawa asiyesema vidonge vinamezwa vingapi?

Sisi wa Kongwa tungepaswa kuwa wa kwanza kuelewa. Mwaka 1947 Waingereza walianza hapa mradi mkubwa wa karanga. Walileta matrekta, mengi yakiwa masalia ya vita, kabla ya kuujua vizuri udongo wetu mgumu na mvua zetu haba. Mwaka 1951 mradi ukafutwa. Chombo kilitangulia, ujuzi ukafuata nyuma. Sisi nasi, kwa betri moja moja, twarudia kosa lile lile.

Sasa nina betri ya pili, na kidhibiti chake. Kila asubuhi nafuta vumbi kwenye paneli na kuiweka mbali na mkwaju, maana hata kivuli cha tawi moja hupunguza umeme sana. Kipupwe naiinamisha kidogo kuelekea kaskazini, liliko jua. Nina kipima volti: betri iliyotulia ikisoma 12.7 imejaa, ikikaribia 12.2 nazima kila kitu. Naongeza maji ya betri, si ya kisima. Nikisafiri, naiacha imejaa. Huu ni mwaka wake wa nne.

Vijana wa mpira wananiita mchoyo. Na waniite. Lakini atakayeniambia tena kwamba sola ni utapeli, aje na betri yake, tuiweke mezani, kisha anieleze nani alikuwa akiinyonya usiku, na nani alikuwa akiijaza mchana.