MC WA KIKE KULIPWA NUSU YA MSHKAJI: HII ISHU INA MIZIZI KWENYE KAHAWA YA KILEMA

Wadau, Desemba ikifika Wachaga wote wanapanda Moshi na sherehe zinafululiza. Leo kipaimara, kesho send-off, keshokutwa harusi. Kuna dada mmoja MC, jina kapuni, mkali kinoma wa kushika ukumbi. Aliitwa kupiga kazi moja na mshkaji wa huko huko Moshi, masaa yale yale, maiki ile ile. Bahasha zilipofunguliwa, ya dada ilikuwa nusu. Alipouliza, mwenyekiti wa kamati akamjibu bila hata aibu: "Mwenzio ana familia." Dada mwenyewe ana watoto wawili na anawasomesha peke yake!

Wengi watasema kamati ina roho mbaya. Sawa, ila hii kitu haikuanza na kamati. Wamisionari Wakatoliki walipanda kahawa pale Kilema mwishoni mwa miaka ya 1800, ikasambaa mlimani. Mkoloni naye alitaka kodi, tena kwa hela taslimu, na aliyekuwa anadaiwa ni baba. Kahawa ikawa hela ya baba. Ilipandwa kwenye kihamba, na kihamba anarithi mtoto wa kiume. Hata vyama vya wakulima vilivyokuja, KNPA mwaka 1925 na KNCU mwaka 1933, vilikuwa vya wenye kahawa, yaani akina baba.

Sasa nani alikuwa anachuma, anaosha, anaanika? Mama. Ila kazi yake ikaitwa "kumsaidia mzee". Hela yake ikabaki kwenye ndizi, maziwa na mbege, zile za chumvi na sabuni. Mtoto aliyekulia nyumba hiyo ndiye leo mwenyekiti wa kamati ya harusi, na kichwani mwake dada mwenye maiki bado "anasaidia".

Sheria zipo, tena kali. Katiba ibara ya 23 inataka ujira ulingane na kazi bila ubaguzi, na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka malipo sawa kwa kazi yenye thamani sawa. Tatizo, MC, msanii na dada wa baa wanalipwa kwa maneno ya mdomo. Utashtaki na nini? BASATA wanasajili wasanii, basi mkataba wa maandishi uwe lazima kwa kila shoo, na wabunge wa viti maalum waanzie hapo badala ya kugawa vitenge.

Huko kwenye vihamba nako, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 haitambui mila inayomnyima mwanamke ardhi, na tangu 1990 Mahakama Kuu Mwanza ilishaamua mwanamke anaweza kuuza shamba la ukoo alilorithi. Lakini nenda uone hati ngapi zina jina la mama.

Mikopo ya halmashauri, ile asilimia 4 ya wanawake, ni poa. Ila mkopo unarudishwa, wakati nusu ya bahasha aliyokatwa yule dada hairudi.

Desemba hii kasema hashiki maiki bila karatasi iliyosainiwa. Kamati mbili zimeshamwambia anajisikia.