Adui wa Gemu Lazima Akukumbuke

Wasee wa gemu, tuongee ukweli. Kuna watu husema ati mhusika aliyetungwa na kompyuta hana roho, kwamba stori tamu lazima iandikwe na binadamu neno kwa neno. Mimi nakataa.

Chukua Middle-earth: Shadow of Mordor ya 2014. Wale maorki makapteni hawajaandikwa mmoja mmoja. Kompyuta inachanganya jina, sura, nguvu na udhaifu, halafu inawaachia nyinyi wawili uwanja. Orki wa kawaida akikuua, anapandishwa cheo. Mkikutana tena anakucheka vile alikumaliza. Ukimchoma moto na apone, anarudi na makovu. Manze, hapo unaacha misheni zote uende kumsaka jamaa mmoja! Na huyo ni adui wako pekee. Beshte yako anayecheza gemu hiyohiyo hamjui.

Sasa linganisha na No Man's Sky ilipotoka 2016. Sayari zake huwezi kuzimaliza maisha yako yote, lakini wengi walichoka nazo mapema. Mbona? Juu sayari haijali kama ulipita hapo.

Kinachoniuma ni hiki. Mfumo wa wale maorki unaitwa Nemesis, na Februari 2021 Warner Bros. ilipewa hataza yake Marekani, yaani haki ya kuzuia wengine wasiutumie, hadi 2036. Februari 2025 kampuni hiyohiyo ikafunga Monolith, studio iliyoutengeneza. Fundi amefukuzwa, na vifaa vyake vimefungiwa stoo.

Lakini njia moja ikifungwa, zingine ziko. Dwarf Fortress ilitoka 2006, kazi ya ndugu wawili, Tarn na Zach Adams. Picha zake zilikuwa herufi na alama tu. Bado, kabla hujaanza kucheza, inakutungia historia ya dunia nzima: wafalme, vita, vifo. Kibete wako akifiwa na rafiki, huzuni inabaki naye.

Kwa hivyo wewe unayejifunza kutengeneza gemu na laptopu ya kuazima, usishindane na makampuni kwa ukubwa wa ramani. Tunga mtaa wa watu kumi tu, lakini mama wa chapati akumbuke kwamba wiki jana ulikula kwa deni ukapotea. Hiyo nitaicheza hadi usiku wa manane, na deni nitalipa.